Ukurasa Wenye Tarehe

Kila ninaposema mbele ya waandishi wenzangu kwamba naandika blogu, swali linalofuata huwa lilelile: kitabu kinatoka lini? Wanaouliza hawana nia mbaya. Kwao blogu ni mahali pa kujifunzia, na mtu mzima hapaswi kubaki mwanafunzi maisha yake yote. Huwa nawajibu kwa kifupi na kwa adabu, maana mara nyingi tunakuwa tumesimama mlangoni na kila mtu ana haraka zake. Hapa nitajibu kwa kirefu. Naamini blogu ni kazi kamili ya ubunifu, yenye nidhamu yake na raha yake, na kwamba kuna mambo ya maisha yetu ambayo yasingeandikwa kabisa kwa Kiswahili kama yangesubiri kitabu.

Blogu, ukiivua mapambo yote, ni ukurasa wenye tarehe. Unaandika, unabonyeza, siku na saa vinajiweka juu ya andiko, na kesho andiko jipya linakaa juu ya la jana. Tangu programu ya Blogger ilipotoka mwaka 1999, na hasa baada ya Google kuinunua mwaka 2003, mtu asiyejua lolote kuhusu lugha za kompyuta aliweza kufungua ukurasa wake bila kulipa senti. Kwetu habari hizi zilifika mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Ndesanjo Macha alikuwa akiandika Jikomboe kwa Kiswahili tangu mwaka 2004, naye hakuishia kuandika tu. Alihimiza wengine, akawaelekeza namna ya kufungua kurasa, akawatambulisha wao kwa wao. Mwaka uliofuata mpiga picha Issa Michuzi akafungua blogu yake, na Watanzania waliokuwa Ulaya, Marekani na Uarabuni wakapata mahali pa kuamkia. Ankal, kama Michuzi alivyoitwa, akiweka picha ya foleni ya Ubungo au ya harusi ya mtu, wadau walikuwa wameshafika kabla chai haijapoa.

Kwangu mimi, blogu iliyonionyesha namna ya kuandika ilikuwa ya utulivu zaidi. Profesa Joseph Mbele, aliyefundisha fasihi katika Chuo cha St. Olaf huko Minnesota, alianzisha blogu aliyoiita Hapa Kwetu. Humo aliandika kuhusu vitabu alivyonunua, wanafunzi wake, mihadhara aliyoalikwa kutoa, na hali ya elimu nyumbani Tanzania. Andiko lingeweza kuwa fupi, la aya chache tu. Kilichonivuta ni kuona msomi mwenye vitabu vilivyochapishwa akiandika, bila kujikweza, juu ya kitabu alichokishika mkononi jana yake. Hakusubiri apate nadharia. Alieleza alichokiona, akaeleza anachokifikiria kwa sasa, akawaachia wasomaji nafasi ya kuendelea.

Kufikiri hadi pale nilipofika leo, na kuweka wazi kwamba ndipo nilipofika, ndiyo kazi ambayo blogu inaifanya kuliko umbo lolote jingine la uandishi ninalolijua. Riwaya inataka mwisho. Makala ya gazeti inataka habari, na mhariri atakuuliza habari iko wapi. Shairi la arudhi lina vina vyake na mizani yake, halikubali kutoka nyumbani nusu uchi. Blogu inakuruhusu useme nusu, kwa sharti kwamba nusu hiyo uisimamie kwa jina lako na kwa tarehe yake.

Anayedhani uandishi huu wa kusema nusu na kungoja jibu umeletwa na intaneti amtazame Muyaka bin Haji. Huyu alikuwa mshairi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840 hivi, na aliishi katika miaka ambayo Wamazrui wa Mombasa walikuwa wakivutana na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mashairi yake mengi yalikuwa majibu. Alijibu matukio ya mji, alijibu mafumbo ya washairi wa upande wa pili, aliwajibu watani na wapenzi, aliandika juu ya njaa na juu ya shibe. Sidhani kama alipokuwa akitunga alikuwa na diwani kichwani. Alikuwa anasema na watu aliowajua, katika mji alioutembea kwa miguu. Diwani ilikuja baada ya kifo chake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyezikusanya na kuzinakili beti zile, akashirikiana na mmisionari W. E. Taylor kuzifafanua, na hatimaye kitabu kilichohaririwa na William Hichens kikachapwa Afrika Kusini mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kuzikwa. Gazeti la Mambo Leo nalo, lililoanza kutoka mwaka 1923, lilibeba mashairi ya walimu na makarani wa pande zote za Tanganyika, wakijibizana toleo kwa toleo, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwao. Kuandika kwa ajili ya watu wachache watakaojibu ni desturi yetu ya zamani. Kilichobadilika ni chombo.

Nitoe mfano mmoja kwa karibu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia pembezoni mwa shamba la mkonge. Jioni moja niliandika kuhusu nyaya za kuanikia singa, zile nyuzi za mkonge, basi. Nyaya zimevutwa safu kwa safu kwenye uwanja uliofyekwa. Singa zinatoka korona, mashine ya kukamulia majani, zikiwa bado zinachuruzika maji, zina rangi ya kijani iliyofifia, na waanikaji wanazibeba begani hadi kwenye waya. Pale wanazitupia juu na kuzichambua kwa mkono ili zisishikane, kwa maana zikishikana zinakauka nje na kuoza ndani. Asubuhi uwanja una kijani kibichi, jua likifika utosini umekuwa wa manjano, alasiri ni mweupe hadi unaumiza macho. Niliandika kwamba watoto tulikatazwa kukimbia kati ya zile safu, na kwamba singa ikikugusa shingoni ukiwa na jasho utajikuna hadi usiku. Sikuwa na hadithi wala hoja. Nilikuwa na uwanja ule na jua lake.

Wiki haikuisha, msomaji mmoja wa Muheza akaandika chini yake. Baba yake alikuja Tanga kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Songea, na kazi iliyohesabiwa kwao ilikuwa ya kukata: majani 30 fungu moja, mafungu yanapangwa mwisho wa mstari mpaka nyapara apite na kuyahesabu. Akaeleza namna mkataji anavyoanza na ncha ya jani, ule mwiba mweusi, kabla hajaligusa jani lenyewe, kwa sababu mwiba ule ukikuingia jichoni ndiyo mwisho wa kazi. Msomaji mwingine aliyekuwa Muscat akaongeza habari ya vigari vya relini vilivyobeba majani kutoka shambani hadi korona. Alikuwa akividandia utotoni, na alikumbuka hata sauti ya magurudumu kwenye kona. Kisha akaja mama mmoja aliyefanya kazi chumba cha brashi, kule singa zinakosuguliwa. Huyu aliandika kwa mkupuo mmoja, bila nukta wala mkato, na aliandika juu ya vumbi. Vumbi la brashi, kikohozi cha jioni, na kitambaa cha kujifunga puani ambacho kila mmoja alikitoa nyumbani kwake na kukifua kila siku.

Yaliyoandikwa chini ya andiko langu yalikuwa marefu kuliko andiko lenyewe, na yalikuwa bora kuliko andiko lenyewe. Vitabu vya historia ya mkonge vipo. Vinaeleza kwamba Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida kupitia Hamburg, kwamba miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini na kupandwa karibu na Pangani, na kwamba Tanganyika ikaja kuongoza duniani kwa uzalishaji wa singa. Nilikuwa nimevisoma baadhi. Kitambaa cha puani sikuwahi kukikuta humo. Mama yule asingeandika kitabu, na hakuna mtafiti aliyekuwa amemfikia na dodoso lake. Aliandika kwa sababu alikuta mtu ameshaanza kusema juu ya uwanja anaoujua, tena amesema nusu. Lau ningeleta andiko lililokamilika, lenye utangulizi na hitimisho, sioni angepenyea wapi.

Miezi kadhaa baadaye ilitoka hadithi fupi, msimulizi wake mwanamke wa chumba cha brashi. Niliandika kwanza sauti yake, ile isiyo na nukta, halafu ndipo nikatafuta kisa. Kabla ya hapo nilikuwa naandika hadithi kwa kuanza na kisa, na wahusika wangu wote walikuwa wakizungumza kama mimi. Nimezungumza na waandishi wengine wa blogu ambao kazi zao za ubunifu zilizaliwa vivyo hivyo: andiko dogo la jioni, jibu la mtu asiyetarajiwa, kisha kitu kikubwa zaidi kinaanza kujikusanya.

Hapa lazima niseme pia kilichoziharibu blogu nyingi za Kiswahili, nacho ni kaunta ya wasomaji. Simu za kisasa zilipoenea na matangazo kuanza kulipa, kurasa nyingi ziligeuka mbao za matangazo. Taarifa moja kwa vyombo vya habari ingetokea kwenye blogu kumi siku hiyohiyo, na picha ileile, na kosa lilelile la herufi kwenye jina la mgeni rasmi. Sitawalaumu waliofanya hivyo. Ni biashara, na watu wana watoto wa kusomesha. Lakini kalamu inayoangalia kaunta hujifunza haraka. Inajua kwamba msiba wa mtu maarufu unavuta watu, kwamba ugomvi wa wasanii unavuta zaidi, na kwamba nyaya za kuanikia singa hazivuti kitu. Bila kuamua, mwandishi anaanza kuyapita mambo yake mwenyewe bila kuyaona. Kwenye ukurasa wangu niliiondoa kaunta kabisa, na sentensi zangu zilipata nafuu. Sasa nikiandika namfikiria yule wa Muheza na yule wa Muscat. Wasomaji wawili ninaowajua wananidai zaidi kuliko maelfu nisiowajua.

Kukosa mhariri ni hasara kubwa na sitaki kuipunguza. Mhariri mzuri anakata, anauliza, anakurudishia. Kwenye blogu unaweza kuandika saa tano usiku ukiwa na hasira, na saa tano na robo dunia nzima imeshakusoma. Nilichofanya ni kuhifadhi mazoea niliyoyapata enzi za intaneti kafe. Mwaka 2006, mwaka wa mgao wa umeme, ukienda kafe bila kujiandaa unaumia: unalipia saa, unaanza kuandika, umeme unakatika, na andiko limekwenda. Kwa hiyo niliandika kwanza nyumbani, kwa mkono, kwenye kauntabuku, na kafe nikaenda kuchapa tu. Umeme siku hizi ni afadhali na simu iko mfukoni, lakini kauntabuku bado ipo. Andiko linalala humo usiku mmoja walau. Asubuhi namsomea dada yangu kwa simu. Yeye si mtu wa fasihi, ana duka la vyakula, na anasikiliza huku akihudumia wateja. Mahali anapouliza “ehe?” najua andiko linakwenda. Mahali anapoanza kuzungumza na mteja najua pamepooza, na aya ile naifumua. Huyo ndiye mhariri wangu, na simwonei haya mtu yeyote kumtaja hivyo.

Blogu imenipa kitu kingine ambacho gazeti lisingenipa, nacho ni kuachana na Kiswahili cha taarifa. Ninamaanisha Kiswahili kile ambamo kiongozi hasemi neno bali “amebainisha”, wananchi kila siku “wametakiwa”, na hakuna jambo linalotokea bila kuwa “katika hatua nyingine”. Nilikiandika kwa miaka na mkono ulikizoea. Kwenye ukurasa wangu hakuna aliyenitaka nisikike kama gazeti. Ilichukua muda mkono kuamini hivyo, lakini polepole yakarudi maneno ya nyumbani, ya jikoni na ya shambani, na pamoja nayo mwendo wa sentensi ambao niliusikia kwa wazee kabla sijajua kusoma. Kwa mwandishi, hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuwa na blogu.

Mwaka 2018 nchi yetu ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni: ada ya maombi shilingi 100,000, ada ya leseni shilingi 1,000,000 kwa mwaka, na kwa atakayekiuka, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwezi Juni mwaka huo wasiosajiliwa wakaamriwa kusitisha. Elsie Eyakuze, aliyekuwa akiandika The Mikocheni Report kwa miaka mingi, ni mmoja wa waliofunga. Baadaye kanuni zile zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, lakini mazoea ya kuandika yakishakatika hayarudi kwa tangazo kwenye gazeti la serikali. Mtu anayeandika juu ya mkonge usiku baada ya kazi, bila kuingiza shilingi, alihesabiwa kuwa mtoa huduma. Jambo hili bado linaniuma. Kanuni inayopima ukurasa wa mtu mmoja kwa kipimo cha biashara inawabakiza wenye biashara peke yao, na waliobaki kweli walikuwa wengi wao wale wa mbao za matangazo.

Wengine walihamia WhatsApp na Facebook. Nawaelewa, bando ni lilelile na ndugu wote wako humo. Humo nimesoma maandiko mazuri sana, mengine yakanilazimisha kuketi. Lakini yalinifikia bila jina, bila tarehe, yamesambazwa na mtu aliyesambaziwa na mtu. Nikitaka kumshukuru mwandishi sina pa kwenda. Nikitaka kumuuliza ilikuwaje, hivyo hivyo. Status ndiyo kabisa: baada ya saa 24 imeondoka, na pamoja nayo imeondoka sentensi ambayo pengine mtu aliiwaza siku nzima. Ninachoomboleza hapa kinamhusu mwandishi kuliko msomaji. Mwandishi wa status hana jana yake. Hawezi kurudi mwaka wa tatu akaona alikuwa anasema nini.

Mimi nimerudi, na nilichokikuta kilinishangaza. Nilidhani nimekuwa nikiandika juu ya mambo mengi: mkonge, safari za basi la Korogwe, misiba, mapishi ya mwezi wa Ramadhani, mama yangu, redio. Niliposoma maandiko kwa mfuatano wa tarehe niliona kwamba karibu yote yanazunguka jambo moja, yaani kazi ambayo mikono ya watu inaifanya bila kutazamwa. Kwenye mapishi nilikuwa natazama mikono. Kwenye misiba nilikuwa natazama waliokuwa wakiosha vyombo nyuma ya nyumba. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba hiyo ndiyo mada yangu, na nisingeijua kwa kujikalia na kuitafakari. Ilijionyesha kwenye tarehe, andiko juu ya andiko. Tangu nilipoiona nimeacha kuhangaika niandike nini.

Ndiyo maana huwa nawasisitizia vijana wanaonijia na maandiko yao kwenye simu: fungueni ukurasa wenu, hata ukiwa na wasomaji watano, na wekeni nakala. Kurasa zinakufa. GeoCities, huduma ya kurasa za bure, ilifungwa mwaka 2009 na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida zikaondoka nayo. Hifadhi ya Internet Archive ya San Francisco imeokoa baadhi ya blogu za Kiswahili za miaka ile ya mwanzo. Ukizifungua unakuta maneno yapo na mahali pa picha pametoboka. Kwa upande wangu, kila Desemba napeleka maandiko ya mwaka mzima kwa kijana wa steshenari anichapie na kunibania. Nakala moja naiweka nyumbani, nyingine nampa dada.

Sasa hivi nina andiko ambalo halijaisha. Yule mama wa chumba cha brashi aliuliza kama kuna mtu anayekumbuka nyimbo zilizoimbwa kambini usiku wa kuamkia siku ya mshahara. Kutoka kwa mzee mmoja wa Korogwe nimepata wimbo mmoja, wa Kiswahili, na nimeshauweka pamoja na maelezo yake ya namna wanaume walivyosimama na wanawake walivyoitikia. Wa pili niliimbiwa na mjukuu wa manamba aliyetoka Msumbiji. Yeye mwenyewe anaimba tu kama alivyosikia, maana hakuijua lugha ya babu yake. Wimbo huo nitauweka Ijumaa jinsi ulivyo, kwa sauti, pamoja na maneno kwa tahajia niliyoweza. Kwa sikio langu ni Kimakonde. Msomaji anayekijua Kimakonde cha wazee na aniandikie.